Upagazi wa Mlima Kilimanjaro kama Ngazi ya Taaluma ya Burudani

Ajira katika huduma za burudani na mapumziko zinapojadiliwa, mifano hutolewa zaidi hotelini na viwanjani. Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, una mfano usiopewa uzito unaostahili: mpagazi. Wapagazi wenyewe hujiita “wagumu”, na jina hilo si majigambo matupu. Mzigo wa mgeni anaoubeba mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20, nao hupimwa langoni. Kuna upande mwingine wa kazi hii usiopimika kwa mizani. Kwa safari nyingi, mpagazi hujifunza kutofautisha uchovu wa kawaida na dalili za ugonjwa wa mwinuko, yaani maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kupepesuka. Hutambua pia ni lini “polepole” inatosha na ni lini mgeni ateremshwe mara moja. Waongozaji wengi walianzia hapo. Hata hivyo, mpagazi hulipwa kwa safari, huku bahashishi ikiwa sehemu muhimu ya kipato chake, na masika yanapoingia safari hupungua. Kwa mtazamo wa makala haya, kumwainisha kuwa kibarua tu ni kosa lenye gharama, kwani huufuta ujuzi huo pale anapotafuta leseni ya kuongoza watalii.