Kompyuta ikijizima ovyo, usiusingizie mlima

Skrini inageuka bluu, kompyuta inajiwasha upya, na faili lililohifadhiwa jana halifunguki leo. Katika steshenari nyingi za Moshi, dawa ya kwanza huwa kupiga Windows upya. Baada ya siku chache, tatizo limerudi.

Huenda mgonjwa ni RAM, kumbukumbu ya muda inayobeba kazi zote wakati mashine imewashwa. Ina mabilioni ya seli, kila moja ikishika chaji inayosomwa kama 0 au 1. Uchunguzi unaanza na swali moja: kosa ni la kupita, au linajirudia?

La kupita laweza kutoka angani. Mwaka 1979, James Ziegler na William Lanford walieleza jinsi chembe zitokanazo na miale ya anga zinavyoweza kugeuza 0 ikawa 1. Hewa hutukinga, na kadiri unavyopanda kinga hiyo inapungua. Mitambo ya kituo cha Horombo katika Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, ambako TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Agosti 2022, hupigwa zaidi na chembe hizo kuliko ya Tanga. Lakini kosa la aina hiyo ni la nadra, na ukizima na kuwasha limekwisha. Kompyuta inayojizima kila siku Moshi mjini ina sababu iliyo karibu zaidi.

Pima kwa MemTest86, inayowashwa kutoka kwenye flashi kabla ya Windows. Huandika 0 na 1 katika seli, kisha husoma kama zimerudi zilivyo. Iache usiku kucha.

Makosa yakitokea, ingia BIOS, programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, urudishe mipangilio ya kiwandani, maana RAM iliyopandishwa kasi kupita uwezo wake hutoa majibu yale yale ya RAM mbovu. Yakiisha, hakuna cha kununua. Yakiendelea, chomoa waya wa umeme, toa vipande vya RAM, pangusa vumbi, kisha pima kimoja kimoja katika sloti ile ile. Kosa likikifuata kipande, kibadilishe. Likibaki kwenye sloti, tatizo liko kwenye madabodi.

Windows ipigwe baada ya vipimo hivyo. Ikipitia kwenye RAM mbovu, nayo yaweza kuandikwa ikiwa na makosa.