Kengele Ndani ya Ng'ombe

Andika ng'ombe kwa herufi ndogo, kisha iagize kompyuta ilitoe neno hilo kwa herufi kubwa. Katika lugha nyingi za programu hiyo ni amri moja. Ukishuka hadi lugha ya asembli, unakuta kompyuta haijui herufi, sembuse ng'ombe. Inachokijua ni namba zilizopangwa katika kumbukumbu, kila moja kwenye baiti yake: 110, 103, 39, 111, 109, 98, 101.

Asembli inakaa juu kidogo tu ya lugha ya mashine. Takriban kila mstari ni amri moja ya kichakataji, ila mtu huandika vifupisho kama mov na cmp badala ya namba tupu. Mwanahisabati wa Uingereza Kathleen Booth ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mbunifu wa lugha ya kwanza ya aina hii, mwaka 1947.

Kazi yetu inawezekana kwa urahisi kutokana na mpangilio wa ASCII, yaani orodha inayoipa kila herufi namba yake. Toleo lake la 1963 halikuwa na herufi ndogo kabisa. Zilipoingizwa mwaka 1967, zilipangwa makusudi nafasi 32 juu ya herufi kubwa zinazolingana nazo: A ni 65, a ni 97. Kwa namba za mfumo wa mbili, 65 ni 01000001 na 97 ni 01100001. Zinatofautiana kwa biti moja tu. Izime, herufi imekua. Sioni ubunifu mwingi katika sayansi ya kompyuta uliokaa vizuri hivi.

Huu hapa moyo wa programu, kwa vichakataji vya x86 vya biti 64. Rejista rsi inashika anwani ya neno, na rcx idadi ya baiti:

rudia: mov al, [rsi]
cmp al, 97
jb ruka
cmp al, 122
ja ruka
and al, 223
mov [rsi], al
ruka: inc rsi
dec rcx
jnz rudia

Chukua baiti. Ikiwa chini ya 97 au juu ya 122, si herufi ndogo, iruke. Vinginevyo and 223 inazima ile biti, baiti inarudishwa mahali pake, na mzunguko unaendelea hadi rcx iishe. Kuonyesha neno kwenye skrini ni kazi ya kuuomba mfumo endeshi, na kabla ya hapo rsi irudishwe mwanzo, maana imekwisha kusogea hadi mwisho.

Mvivu atasema mistari minne ya ukaguzi ni mzigo. Aifute aone. Ritifaa, ile alama iliyo katika ng', namba yake 39, ikizimwa biti hiyo inabaki 7, na 7 katika ASCII ni amri ya kupiga kengele. Mashine za teletype zilikuwa na kengele halisi ya kuita mhudumu. Leo kompyuta hulia kidogo au hunyamaza. Kwa hiyo utapata NG, kengele, kisha OMBE. Wafugaji humvisha ng'ombe kengele shingoni, si katikati ya jina. Nafasi kati ya maneno nayo, 32, inakuwa 0, ambayo lugha ya C huichukulia kuwa mwisho wa maandishi. Programu ya C ikipokea “ng'ombe wa babu” iliyopita katika programu isiyo na ukaguzi, babu hataonekana.

Kiswahili cha herufi za Kilatini hakina alama za juu ya herufi, hivyo mistari kumi inakitosha. Hata ritifaa iliyopinda ya simu, ambayo katika UTF-8, mfumo wa namba za herufi za lugha zote, ni baiti tatu, 226, 128 na 153, inarukwa salama.

Kifaransa kina mkasa wake. Herufi é ni baiti mbili, 195 na 169, zote juu ya 122, kwa hiyo café inatoka CAFé. Ajabu ni kwamba programu mbovu, ile isiyokagua, inaandika CAFÉ sawasawa: É ni 195 na 137, pungufu ya 32 vilevile, na 195 haina biti hiyo ya kuzimwa. Lakini asiye na ukaguzi asishangilie mapema. Alama ya kugawanya, ÷, ni 195 na 183. Ikipita humo inatoka ×.