Kiharusi: wadi anayolazwa mgonjwa huamua hatima yake

Mgonjwa wa kiharusi anapofikishwa hospitalini, jamaa zake huuliza kwanza atapewa dawa gani. Uzoefu wa Uingereza unaonyesha kuwa lipo swali jingine lenye uzito huo huo: atalazwa wadi gani, na atahudumiwa na nani?

Kiharusi hutokea mshipa wa damu wa ubongo unapoziba au kupasuka. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Lakini ni lazima kwanza ubongo upigwe picha, kwani ikiwa mshipa umepasuka, dawa hiyo yaweza kuua.

Funzo la London

Kabla ya mwaka 2010, wagonjwa wa kiharusi mjini London walipelekwa katika hospitali zipatazo 30, na ubora wa huduma ulitofautiana mno. Mwaka huo huduma ya afya ya taifa, NHS, ilianzisha vituo 8 vyenye wataalamu usiku na mchana. Magari ya wagonjwa yaliagizwa kuelekea huko moja kwa moja, hata kama njiani ipo hospitali iliyo karibu zaidi.

Eneo la Greater Manchester nalo lilibadili utaratibu, lakini mwanzoni vituo maalum vilikusudiwa wale tu waliowahi ndani ya saa 4.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la British Medical Journal ulikadiria kuwa mabadiliko ya London yaliokoa maisha ya watu 96 zaidi kila mwaka. Manchester haikupata nafuu kama hiyo katika vifo, na mwaka 2015 ikafungua milango kwa wagonjwa wote.

Si mashine pekee

Katika wadi maalum, muuguzi humpima mgonjwa uwezo wa kumeza kabla ya kumpa maji au chakula, kwa sababu chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia. Shinikizo la damu hufuatiliwa, na wataalamu wa viungo na wa matamshi huanza kazi mapema.

Mazoezi hayo hayapaswi kukoma mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2023 unapendekeza saa 3 kwa siku, angalau siku 5 kwa wiki, kwa mgonjwa anayeyamudu. Awali ilikuwa dakika 45 kwa kila aina ya tiba. Hata huko, uhaba wa wataalamu hulifanya lengo hilo kuwa gumu kufikiwa.

Kwa Afrika Mashariki, ambako mara nyingi mashine ya picha iko mbali na gharama yake ni kubwa, sehemu muhimu ya funzo hili haingoji mashine. Kupima kumeza, kumgeuza mgonjwa kitandani na kuwafundisha jamaa mazoezi kwahitaji zaidi wauguzi waliofunzwa na utaratibu unaofuatwa.

Mwenye mgonjwa, basi, ana haki ya kuuliza mapema: amepimwa kumeza? Mazoezi yataanza lini? Na akirudi nyumbani, nani atayaendeleza?