Mgusano wa Elektrodi na Elektroliti katika Betri za Lithiamu: Umuhimu Wake kwa Nikeli ya Dutwa

Eneo la Dutwa, wilayani Bariadi mkoani Simiyu, lina hazina ya nikeli na kobalti iliyotokana na miamba ya kale iliyochakaa kwa mvua na joto. Metali hizi hutumika kutengeneza kathodi za betri za lithiamu. Makala haya yanafafanua kwamba thamani ya nikeli ndani ya betri haitokani na wingi wake pekee, bali pia na hali ya eneo jembamba ambamo elektrodi hugusana na elektroliti.

Elektroliti iliyozoeleka ni chumvi ya lithiamu, hasa heksafluorofosfeti, iliyoyeyushwa katika kaboneti za kikaboni. Betri inapochajiwa kwa mara ya kwanza, kimiminika hicho hupokea elektroni kwenye anodi ya grafiti na kuvunjika. Mabaki yake hujenga utando wenye unene wa nanometa chache hadi makumi kadhaa. Utando huo, ambao Emanuel Peled aliufafanua mwaka 1979, hupitisha ayoni za lithiamu na kuzuia elektroni. Hivyo huikinga elektroliti isiendelee kuvunjika.

Kwenye kathodi, kuongeza nikeli huongeza nishati inayohifadhiwa. Hata hivyo, nikeli iliyochajiwa sana hupora elektroni kutoka kwa elektroliti. Uso wa kathodi hupoteza oksijeni na kugeuka tabaka linalofanana na oksidi ya nikeli, ambalo hukinza mwendo wa ayoni. Aidha, maji kidogo yaliyosalia humenyuka na chumvi hiyo na kuzalisha asidi ya hidrofloriki. Asidi hiyo huyeyusha metali za kathodi, nazo husafiri hadi kwenye anodi na kuuharibu utando wake.

Ugumu wa utafiti ni kwamba eneo hili limefichika. Elektrodi ikitolewa na kuoshwa ili ichunguzwe kwa eksirei, sehemu ya utando huweza kuyeyuka. Kwa hiyo, kutoonekana kwa kampaundi si ushahidi kwamba haikuwapo. Kipimo cha ukinzani kwa mkondo geu hufanyika bila kuifungua betri, lakini hakitambulishi kampaundi. Njia hizi mbili sharti zikamilishane.

Kwa hiyo, kiwango cha nikeli katika mbale ya Dutwa ni mwanzo tu wa tathmini. Kathodi itokanayo na nikeli hiyo haina budi kupimwa pia ukinzani wa uso wake baada ya mizunguko mingi ya kuchaji, kwani hapo ndipo uhai wa betri huamuliwa.