Kuipata simu moja kati ya mamia: nyota, alama ya kuuliza na filta

Wadau wa A-town, leo shule kidogo kwa mnaohangaika na orodha za simu pale kafe.

Juzi chalii mmoja, dereva wa Ngaramtoni, alinifuata na faili la CSV lenye simu zake za mwezi mzima, nakala aliyokuwa ameituma kwenye imeili yake kabla simu haijaibiwa. Bosi wa gari anamnyima posho ya siku mbili za kupeleka wageni geti la Momella. Eti hakumwita, kaja mwenyewe! Bosi ana laini kibao, na hii chalii hakuisevu. Anakumbuka tu inaanza 0754 na kuishia 18.

Wengi hapo wangeandika 0754 wakatafuta, wakatoka kapa. Namba ileile huweza kuandikwa 0754, 255754 au +255754. Halafu Excel nayo ina vituko: ukilibofya faili la CSV moja kwa moja, inadhani namba ya simu ni hesabu. Inakula sifuri ya mbele, na ile ya 255 inaigeuza kitu kama 2.55754E+11. Kwa hiyo fungua Excel kwanza, ingiza faili kupitia menyu ya Data, na safu ya namba uipe aina ya Text. Ukiruka hapa, yanayofuata hayafanyi kazi.

Sasa nyota, hiyohiyo unayobonyeza kuangalia salio. Kwenye kutafuta, maana yake ni "chochote kikae hapa, hata kama hakuna kitu". Alama ya kuuliza inashika nafasi ya tarakimu moja tu. Ukiandika *754* utaletewa hata namba zenye 754 katikati. Sisi tulienda kwenye filta, Text Filters, kisha Equals, tukaandika:

*754????18

Yaani mbele kuwe na lolote, 754, tarakimu nne tusizozijua, halafu 18. Jumla tisa, kama namba zetu zilivyo baada ya sifuri au 255. Tukaongeza filta ya tarehe na ya simu zilizoingia. Kati ya mia nne na ushee zikabaki tatu. Moja ya 05:40, yaani saa 11:40 alfajiri (saa za faili ni za kizungu), sekunde 214. Ingekuwa sekunde 0, maana yake haikupokelewa.

Bosi kuona hivyo kalipa siku moja. Ya pili bado wanavutana, maana orodha inaonyesha laini ilipiga saa ngapi, haisemi mliongea nini.

Msikisie mtandao kwa kuangalia 075 au 078. Tangu Machi 2017 mtu anahama kampuni na namba yake. Na simu za WhatsApp msizitafute kwenye orodha ya kampuni ya simu, kule zinapita kama bando tu.

Najua kuna atakayeuliza kuhusu za demu wake. Sahau! Sheria ya mawasiliano ya 2010 inakataza mfanyakazi wa kampuni ya simu kutoa siri za mteja ovyo. Za kwako mwenyewe una haki ya kuziomba, sheria ya taarifa binafsi ya 2022 inakupa hiyo, na ilianza kutumika Mei 2023.

Ukimaliza pale kafe, futa faili kwenye Downloads, futa na kwenye Recycle Bin, toka kwenye imeili. Anayekalia kiti baada yako asijue unampigia nani saa sita usiku.