Fahamu: Sato wa Mkolani anapandaje ndege?

Kutoka Mkolani hadi uwanja wa ndege wa Mwanza ni kuvuka jiji zima, na kwa jua la mchana sato aliyegandishwa huanza kuyeyuka njiani. Shida iko hapo, si kwenye mashine ya ukaguzi. Samaki si kimiminika. Kinachokera ni maji yake kuvuja kwenye mabegi ya wenzako. Mgandishe awe kama jiwe, mzibe ndani ya boksi gumu, aende na mizigo ya chini. Barafu kavu huruhusiwa hadi kilo 2.5, shirika la ndege likiridhia.

Kwa safari za kimataifa, asali, samli na achari huhesabiwa vimiminika: mkononi, kwa kawaida, chombo kisizidi mililita 100, sharti lililoenea baada ya njama ya mabomu ya kimiminika iliyofichuliwa Uingereza Agosti 2006. Dagaa wakavu hawamo, ingawa harufu yao haihitaji mashine kuwafichua.

Halafu kuna forodha ya uendako. Umoja wa Ulaya humruhusu msafiri kilo 20 za samaki kwa matumizi binafsi, wabichi wawe wametolewa matumbo. Nyama na maziwa kutoka kwetu ni marufuku, na samli imo humo.