Kabla ya kuuza ng'ombe ili kijana akafanye kazi ya kompyuta Ujerumani, piga hesabu

WAZAZI wengi wanaotegemea shamba au duka dogo wamesomesha watoto wao taaluma ya kompyuta wakitarajia kwamba siku moja kazi hiyo itarudisha karo. Baada ya kuhitimu, kijana huja na habari kwamba Ujerumani inatafuta wataalamu wa teknolojia, na kwamba kuna wakala anayeweza kumpeleka mradi alipwe laki kadhaa. Hapo ndipo ng'ombe wa maziwa hutafutiwa mnunuzi, au kipande cha shamba hutangazwa.

Nafasi zenyewe zipo. Mnamo Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji na ajira jijini Berlin, Rais William Ruto na Kansela wa wakati huo Olaf Scholz wakishuhudia. Hata hivyo, mkataba huo haukutaja idadi yoyote. Habari zilipoenea kwamba Wakenya 250,000 wangeajiriwa, Wizara ya Masuala ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha waziwazi. Kila mwombaji hupimwa kivyake kwa sheria za nchi hiyo. Kwa hivyo, wakala anayedai kuwa amepewa nafasi za kugawa anauza asichokuwa nacho.

Njia mbili za halali

Njia ya kwanza ni Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya. Ili kuipata, kijana sharti kwanza awe na ahadi ya kazi kutoka kwa mwajiri wa Ujerumani, ya muda usiopungua miezi sita. Tangu Novemba 2023, mtaalamu wa kompyuta anaweza kuipata hata bila shahada, iwapo ana uzoefu wa miaka mitatu katika kazi hiyo ndani ya miaka saba iliyopita. Mshahara nao una kiwango cha chini. Kwa mwaka wa 2025, kwa kazi za kompyuta, kilikuwa euro 43,759.80 kwa mwaka kabla ya makato, na kiwango hiki hubadilishwa kila mwaka.

Njia ya pili ilianza Juni 2024 nayo huitwa Chancenkarte, yaani kadi ya fursa. Hii humruhusu kijana kuingia na kutafuta kazi kwa muda wa hadi mwaka mmoja, huku akifanya vibarua vya hadi saa 20 kwa wiki. Anatakiwa awe na shahada au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na nchi alikosomea, na ajue Kijerumani kiwango cha A1 au Kiingereza cha B2. Kisha hupewa alama kulingana na umri, uzoefu, lugha na mengineyo, na sharti afikishe alama sita.

Pesa zinakwenda wapi?

Ada ya viza ya kazi ya Ujerumani ni euro 75. Tukihesabu euro moja kuwa Sh150, hiyo ni Sh11,250. Mzigo mkubwa uko kwenye kadi ya fursa, kwa sababu kijana lazima aonyeshe ana fedha za kujikimu. Mwaka 2025 kiasi hicho kilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni euro 13,092, sawa na takriban Sh1.96 milioni.

Mzazi na azingatie jambo hili: fedha hizo si malipo ya wakala wala ya ubalozi. Huwekwa katika akaunti maalumu kwa jina la kijana, naye hutolewa kiasi kila mwezi akishafika. Anayetaka uzitume kwenye simu yake au akaunti yake binafsi ana nia nyingine.

Mapato nayo yapigiwe hesabu sawasawa. Mshahara wa euro 43,759.80 ni zaidi ya Sh6.5 milioni kwa mwaka, lakini kwa mtu asiye na familia, kodi na michango ya bima huchukua takriban thuluthi moja. Baada ya hapo kuna kodi ya nyumba, chakula na nauli. Kitakachotumwa nyumbani ni masalio, hivyo mkopo wa Sacco usipangiwe mshahara mzima.

Wanaotazama Marekani nao wajue kwamba viza ya H-1B huombwa na mwajiri, si kijana. Nafasi za kila mwaka kwa kampuni za kawaida ni 85,000, na waombaji wakizidi hufanyiwa uteuzi. Mnamo Septemba 2025, Rais Donald Trump alitia saini agizo lililomtaka mwajiri alipe dola 100,000 kwa maombi mapya ya mfanyakazi aliye nje ya nchi hiyo. Ni kampuni chache zitakazotoa kiasi hicho kwa kijana aliyehitimu juzi.

Anza na gharama ndogo

Mkulima mwerevu hupima udongo kabla ya kununua mbolea. Hapa pia, tumia kidogo kwanza. Lipia masomo ya lugha na mtihani wake. Kijana afanye kazi hapa nchini, na atunze mikataba, barua za waajiri na hati za malipo jinsi unavyotunza risiti za maziwa za chama cha ushirika, kwani bila karatasi hizo miaka yake mitatu haihesabiki. Aandikie waajiri mwenyewe; kazi za kompyuta husailiwa kwa simu na intaneti.

Ikiwa ni lazima kupitia wakala, thibitisha kwanza kwamba amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA. Dai mkataba wenye jina la mwajiri, mshahara na mji, kisha mwajiri huyo aulizwe moja kwa moja.

Ng'ombe anayekamuliwa huleta pesa kila mwezi. Asiuzwe kabla barua ya ajira haijafika na kuthibitishwa. Ikishafika, gharama zinazobaki huenda zikalipwa kwa maziwa yake.